Mgeni Aliyeomba Jembe: Ludwig Wittgenstein na Urusi ya 1935

Miongoni mwa wanafalsafa wa karne ya 20, sidhani kama yupo aliyewapa walimu wa lugha mengi ya kutafakari kumshinda Ludwig Wittgenstein. Ndiye aliyetuzoesha, kabla hatujagombania maana ya neno, kuuliza kwanza neno hilo latumiwa wapi, na nani, katika shughuli gani. Wanaomtaja katika makongamano yetu ya Kiswahili aghalabu huishia hapo. Lakini iko sura ya maisha yake ambayo naiona ina manufaa zaidi kwa somo la uraia kuliko kwa somo la isimu. Septemba 1935, akiwa na umri wa miaka 46, alipanda meli London kuelekea Leningrad, akiwa na nia ya kuhamia Umoja wa Kisovyeti na kuishi huko kwa kazi ya mikono yake.

Wako wanaoitumia safari hiyo kuusifu utawala wa Stalin: kama mtu mwenye akili kama ile aliutamani, basi bila shaka palikuwa na jambo. Wako pia wanaoitumia kuwadharau wanafalsafa wote, kwamba wakitoka vitabuni hawaioni hata njia ya sokoni. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinamfanya shahidi wa jambo asilolishuhudia. Safari ile yatueleza mengi kuhusu Vienna na Cambridge, na machache mno kuhusu Urusi.

Tuanze na alikotoka. Wittgenstein alizaliwa Vienna mwaka 1889, mtoto wa mwisho kati ya wanane, katika nyumba ya Karl Wittgenstein, mmoja wa matajiri wakubwa wa chuma katika dola ya Austria na Hungaria. Brahms na Mahler walikuwa wageni wa nyumba ile. Penye utajiri huo palikuwa na msiba pia: kaka zake watatu walijiua. Yeye mwenyewe alikwenda Manchester mwaka 1908 kusomea uhandisi wa ndege, akavutwa na misingi ya hisabati, na mwaka 1911 akabisha hodi kwa Bertrand Russell huko Cambridge. Vita vilipozuka mwaka 1914 alijitolea katika jeshi la Austria. Akiwa vitani alikipata kitabu cha Tolstoy kuhusu Injili, akawa hatembei bila hicho, hata askari wenzake wakamjua kwa hicho. Aliporejea kutoka kizuizini Italia mwaka 1919 aliugawa urithi wake wote kwa ndugu zake. Hakubakiza kitu.

Hapa ndipo mvuto wake kwa Urusi ulipoota mizizi, nao haukuanzia kwa Marx. Urusi iliyokaa moyoni mwa Wittgenstein ilikuwa nchi ya Tolstoy na Dostoevsky: mkulima asiyejua kusoma lakini anayejua kuishi, mtu wa mikono migumu na moyo safi. Ni nchi ya vitabuni. Hilo si dosari, kwani sote tunazo nchi za vitabuni. Dosari huja pale mtu anapoikatia tiketi.

Kabla hajaikatia tiketi Urusi, aliijaribu ndoto hiyo nyumbani. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1926 alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika vijiji vya Austria ya Chini: Trattenbach, Puchberg, Otterthal. Sisi walimu tunapaswa kumsoma hapo kwa makini. Aliwafundisha watoto wa wakulima hesabu zilizopita umri wao, akawaunda mifupa ya paka ili wajifunze viungo vya mwili, akawafanya wakusanye maneno yao wenyewe kwa sababu kamusi zilizokuwapo zilikuwa ghali na hazikuwafaa. Kutokana na kazi hiyo kilitoka kitabu, kamusi ya shule za msingi iliyochapishwa mwaka 1926. Hicho na kile cha mantiki cha miaka ya 1921 na 1922 ndivyo vitabu pekee alivyovichapisha akiwa hai. Naam, mmoja wa wanafalsafa wakuu wa karne alitoa vitabu viwili, na kimoja ni kamusi ya watoto. Nalitaja hilo kwa wenzangu wanaoona kazi ya msamiati ni kazi duni.

Lakini watu wa vijiji vile hawakuwa wakulima wa Tolstoy. Walikuwa na majungu, ubahili na mashaka juu ya mgeni huyu mwenye lafudhi ya kitajiri na nguo za kimaskini. Alimwandikia Russell akilalamika kuwa watu wa hapo ni waovu kupita wote. Russell akamjibu, kwa busara, kwamba watu ni waovu mahali pengi. Naye mwalimu alikuwa na mkono mwepesi. Aliwapiga watoto, wasichana pia, walioshindwa hesabu. Aprili 1926 mvulana mmoja mgonjwa alianguka na kupoteza fahamu baada ya kupigwa kichwani. Wittgenstein akaacha kazi. Miaka kumi baadaye alirudi kijijini kuwaomba radhi wanafunzi wake wa zamani, mlango kwa mlango.

Nimelikawilia jambo hili kwa sababu ndilo kielelezo cha yaliyofuata. Mtu alimpenda maskini kabla hajakutana naye. Alipokutana naye, akamkuta ni binadamu. Angeweza kujifunza hapo kwamba tatizo lilikuwa picha aliyokwenda nayo. Badala yake aliihamisha picha ile ile mbali zaidi, mahali ambapo haikuwa imejaribiwa bado.

Alirejea Cambridge mwaka 1929, na huko ugeni wake ukapata lugha. Mwaka 1930, katika rasimu ya dibaji ya kitabu ambacho hakukichapisha, aliandika kwamba roho ya kazi yake si ile inayouendesha mkondo mkuu wa Ulaya na Marekani. Aliitaja mikondo ambayo roho hiyo ngeni kwake ilijidhihirishia: viwanda, usanifu wa majengo, muziki wa wakati wake, ufashisti, na ujamaa. Msomaji mwangalifu atakuwa amelisikia neno la mwisho. Miaka mitano kabla ya kupanda meli, ujamaa ulikuwa kwake miongoni mwa mambo yasiyomhusu.

Alikuwa amemsoma Oswald Spengler, aliyetenganisha utamaduni ulio hai na ustaarabu uliochoka, ule wa baada ya roho kutoka na mashine kubaki. Hapa Kiswahili kina la kusema. Neno ustaarabu lina Uarabu ndani yake: kustaarabika, kwa asili, ni kuchukua mwenendo wa Mwarabu. Neno utamaduni nalo lina mji ndani yake, maana latokana na mzizi ule ule uliotupa madina. Kwa hiyo maneno yetu mawili makuu ya kutaja mila na maendeleo ya watu, yote mawili yana kipimo kilichotoka nje ya kijiji. Wittgenstein angelifurahia jambo hili, nadhani, kwani ndiyo aina ya picha iliyojificha ndani ya lugha ambayo alitumia maisha yake kuifichua. Wala haitulazimu kuyatupa maneno hayo. Yatosha kujua yametufikia kwa njia gani.

Cambridge ya miaka ya 1930 ilijaa watu wa mrengo wa kushoto, nao ndio waliokuwa rafiki zake. Piero Sraffa, mwanauchumi wa Kiitalia, alikuwa rafiki wa Antonio Gramsci na ndiye aliyehakikisha Gramsci anapata vitabu akiwa gerezani kwa Mussolini. Ndiye pia anayesimuliwa kuwa alipiga ishara ya kienyeji ya watu wa Napoli, kusugua chini ya kidevu kwa ncha za vidole kwa dharau, akamwuliza Wittgenstein umbo la kimantiki la ishara ile ni lipi. Mswahili angemsonya tu, na swali lingekuwa lile lile. Alikuwapo George Thomson, msomi wa Kigiriki. Maurice Dobb, mwanauchumi wa Kikomunisti. Na Nikolai Bachtin, Mrusi aliyekimbia mapinduzi na baadaye akageuka kuwa Mkomunisti. Wittgenstein hakujiunga na chama chochote. Alijifunza Kirusi kwa Fania Pascal, hata akaweza kumsoma Dostoevsky bila mkalimani, na Julai 1935 akamwomba John Maynard Keynes amjulishe kwa Ivan Maisky, balozi wa Kisovyeti mjini London.

Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikwenda akiomba jembe siku ya kwanza, na wenyeji wakamkatalia. Vibarua, walimwambia, wanao wa kutosha. Walichotaka kwake ni falsafa: alizungumziwa nafasi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kazan, kile alichosoma Tolstoy ujanani. Mjini Moscow alikutana na Sophia Janovskaya, mwanahisabati, ambaye yasimuliwa alimshauri amsome Hegel zaidi. Ninaposoma kisa hicho siachi kucheka. Mtu amevuka bahari kuikimbia falsafa ya vyuo, na jambo la kwanza analokabidhiwa ni orodha ya vitabu.

Alirudi Uingereza baada ya wiki chache. Rafiki mmoja alikumbuka maelezo yake: kwamba kuishi kule kunawezekana, mradi usisahau hata siku moja kwamba huwezi kusema uliyo nayo moyoni; ni kama kuwa askari wa cheo cha chini maisha yako yote. Haya si maneno ya mtu asiyeona kitu. Aliona. Ila kwake, aliyekwisha kuwa askari kwa hiari na kuuona uaskari kuwa dawa ya roho yake, hilo halikuwa shutuma. Wanafunzi wake waliandika baadaye kwamba udhalimu wenyewe haukumchukiza sana. Kilichomgusa ni kwamba watu wote walikuwa na kazi, na kama kuna ambacho kingemtenga na Urusi, ni kurudi kwa matabaka.

Basi tulitumie swali lake mwenyewe. Neno kazi lilitumiwaje katika Urusi ile, na nani, katika shughuli gani?

Usiku wa kuamkia Agosti 31, 1935, yapata wiki mbili kabla hajatia mguu Leningrad, mchimba makaa Alexei Stakhanov alitangazwa kuwa amechimba tani 102 katika zamu moja, mara 14 ya kiwango chake. Alikuwa amepangiwa wasaidizi, lakini sifa ilikuwa yake peke yake. Ndani ya wiki chache nchi nzima ilitakiwa ishindane naye. Viwango vya kazi vilipandishwa kwa wote, na waliovipita walipata mishahara minono, vyumba na zawadi. Tabaka lilikuwa likizaliwa kiwandani, mbele ya macho ya mgeni aliyesema matabaka ndiyo yangemkatisha tamaa. Vijijini, hati za kusafiria ndani ya nchi zilianzishwa mwisho wa mwaka 1932, na mkulima wa shamba la ushirika kwa kawaida hakupewa. Bila hati hakuweza kuhamia mjini. Kufikia Juni 1940, kuacha kazi bila ruhusa kulifanywa kosa la jinai kwa wafanyakazi wote. Hiyo kazi aliyoitamani ilikuwa ikigeuzwa kamba, na waliofungwa nayo hawakuwa wamepanda meli kwa hiari.

Kuna kinaya kingine. Wittgenstein alichukia imani ya Magharibi katika maendeleo ya mashine, naye akakimbilia kwenye dola iliyoiabudu imani hiyo kuliko nyingine zote. Mwaka 1932 lilizinduliwa bwawa kubwa la umeme kwenye mto Dnieper. Mwaka huo huo tanuru la kwanza la Magnitogorsk likaanza kutoa chuma. Mei 1935 treni ya chini ya ardhi ya Moscow ikafunguliwa kwa shangwe. Mtoto wa tajiri wa chuma alikwenda kuikimbia nyumba ya babaye, akafika katika nchi iliyokuwa ikijengewa tanuru la chuma kubwa kuliko yote ya babaye.

Na Urusi yake ya Tolstoy? Ilikuwapo bado, kwa idadi ndogo. Wafuasi wa Tolstoy, wakulima waliokataa kubeba silaha, walikuwa wamehamishia jumuiya yao Siberia mwaka 1931 ili walime kwa amani. Viongozi wao walikamatwa mwaka 1936. Nduguye Nikolai Bachtin, Mikhail, ambaye leo husomwa na kila mwanafunzi wa nadharia ya fasihi, alikuwa bado akiishi Kustanai, Kazakhstan, alikopelekwa kwa uhamisho wa adhabu, mwezi ule ule ambao Wittgenstein alikuwa akizungumza juu ya cheo cha Kazan. Mwanafalsafa mmoja wa lugha akiomba kuingia, mwingine akiwa bado pale alikohamishiwa kwa adhabu.

Mwaka 1937, kamatakamata kubwa ilipokuwa imeshika kasi, Wittgenstein bado alimwandikia rafiki yake kwamba huenda akaenda Urusi. Hakwenda.

Hapa baadhi ya wasomaji watanikumbusha Martin Heidegger, na wana haki. Alizaliwa mwaka huo huo wa 1889, aliuchukia usasa kwa chuki inayofanana, naye akaipenda taswira ya mkulima. Mwaka 1933 alikubali uongozi wa Chuo Kikuu cha Freiburg, akajiunga na chama cha Hitler Mei ya mwaka huo, na akabaki mwanachama hadi 1945. Tofauti ya watu hawa wawili si ndogo. Wittgenstein hakumhutubia mwanafunzi hata mmoja kwa jina la dola, hakuandika ukurasa wa kumsifu Stalin, hakupokea cheo. Aliyoyatamani alitaka yampate yeye mwenyewe, mwilini mwake. Ijapokuwa hata hapo gharama ililipwa na mwingine pia. Francis Skinner, kijana mwenye kipaji kikubwa cha hisabati, aliyekuwa aende naye Urusi kama si ugonjwa, aliiacha taaluma kwa ushawishi wa Wittgenstein akawa fundi wa mitambo kiwandani Cambridge. Alifariki mwaka 1941, akiwa bado kijana. Mwalimu anayewaambia vijana waachane na vyuo akiwa yeye mwenyewe ana chuo cha kurudi, ajipime mara mbili.

Sehemu ya mwisho ya kisa hiki ndiyo ninayoirudia ninapofundisha maana ya uraia kwa vijana wetu wa Uganda, ambao baadhi yao hunieleza kwa shauku juu ya dola ya mbali inayotawaliwa kwa mkono wa chuma, ambako eti kila kitu kinakwenda. Machi 1938 Hitler aliimeza Austria. Kwa sheria za Kinazi Wittgenstein, ambaye babu na bibi zake watatu kati ya wanne walizaliwa Wayahudi, akawa Myahudi wa dola ya Ujerumani. Sraffa alimwonya asithubutu kwenda Vienna. Dada zake walikuwa huko. Ni nchi ipi iliyompa pa kusimama? Uingereza, ile ile ambayo maisha yake aliyaona makavu na mazungumzo yake ya mezani kuwa yasiyovumilika. Aprili 1939 alipokea uraia wa Uingereza. Julai, akiwa na pasipoti hiyo mfukoni, alisafiri hadi Berlin, Vienna na New York kushughulikia mapatano ambayo kwayo familia iliikabidhi benki kuu ya Ujerumani dhahabu nyingi, na dada zake Hermine na Helene wakaachwa waishi.

Hakuipenda Uingereza baada ya hapo kuliko kabla. Haikumtaka aipende. Sheria yake ilimlinda mtu aliyeisema vibaya kila siku, bila kumdai wimbo wala shangwe, na katika hilo naona thamani kubwa kuliko uzuri wowote wa roho ambao msafiri aweza kuudhania kwa wiki chache. Kijana anaponisifia dola ya mbali humwuliza swali moja tu: mtu wa huko anayeichukia serikali yake, analala wapi leo?

Kazi ya mikono nayo aliipata hatimaye. Mwaka 1941, London ikiwa imepigwa mabomu, profesa wa falsafa wa Cambridge aliacha mihadhara yake akawa mchukuzi wa dawa katika hospitali ya Guy's, akisukuma dawa kutoka chumba cha dawa hadi wodini kwa ujira mdogo, huku akiomba watu wasijue yeye ni nani. Yasimuliwa kwamba alipofika vitandani aliwashauri wagonjwa wasizinywe.